Walishinda Mara Mbili Tu, na Mji Ukainuka

Mtu akifungua kumbukumbu za michezo ya vyuo vya Marekani za mwaka 1971, atalikuta jina la Chuo Kikuu cha Marshall mahali ambapo hapana anayependa kuonekana. Timu yake ya kandanda ya Kimarekani ilicheza michezo 10, ikashinda 2 na kushindwa 8. Kwa hesabu ya kawaida, huo ulikuwa msimu wa kusahauliwa. Hata hivyo, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, kando ya mto Ohio, msimu huo haukusahauliwa hata kidogo. Husimuliwa na wazee kwa vijana, na wenye kuusimulia huanza na jambo lililotokea miezi kumi kabla haujaanza.

USIKU WA NOVEMBA 14

Jumamosi ya Novemba 14, 1970, timu ya Marshall ilicheza ugenini na Chuo Kikuu cha East Carolina, ikashindwa kwa alama 17 kwa 14. Timu hiyo ilizoea kusafiri kwa basi, lakini safari hii ilikuwa ndefu, na ndege ilikuwa imekodiwa. Jioni hiyo, katika mvua na ukungu, ndege hiyo ilipokuwa ikijiandaa kutua karibu na Huntington ilishuka chini mno, ikagonga miti juu ya kilima, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wote 75 waliokuwa ndani walifariki dunia: wachezaji 37, walimu na watumishi wa timu 8, wapenzi wa timu 25, na watumishi wa ndege 5.

Msomaji asidhani kwamba hasara hiyo iliangukia chuo peke yake. Wale wapenzi wa timu walikuwa madaktari, wafanyabiashara na watu wa madaraka mjini, na baadhi yao walisafiri mume na mke pamoja. Watoto 70 walipoteza baba au mama usiku ule, na 18 kati yao walibaki bila baba wala mama. Wachezaji sita hawakuweza kutambulikana, wakazikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, yaliyo juu ya mji. Huntington ulikuwa mji wa watu wapatao 74,000. Katika mji wa kiasi hicho, hapana mtaa uliokosa nyumba yenye msiba.

JE, MPIRA UENDELEE?

Baada ya mazishi likazuka swali zito: je, chuo kiendelee kucheza kandanda? Wako walioona kwamba heshima kwa marehemu ni kuufunga mchezo huo moja kwa moja. Yawezekanaje, walisema, watu kushangilia mahali ambapo vijana wao hawatarudi tena? Wengine waliona kwamba kuuacha mchezo ni kuwazika vijana wale mara ya pili. Miongoni mwa hao walikuwa wachezaji wachache waliosalimika kwa sababu ya majeraha au sababu nyingine zilizowazuia kusafiri. Mmoja wao, Nate Ruffin, ambaye alibaki nyumbani kwa kuwa aliumia, ndiye aliyekuja kuwa nahodha wa timu mpya.

Wasomaji wetu walio jirani na Zambia wanalielewa swali hilo. Timu ya taifa ya nchi hiyo ilipopotea katika ajali ya ndege karibu na pwani ya Gabon mwezi Aprili 1993, taifa zima lilijiuliza vivyo hivyo. Zambia iliamua kucheza. Marshall nao, miaka zaidi ya ishirini kabla, walikuwa wameamua kucheza.

KUUNDA TIMU PASIPO WATU

Kuamua ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine. Mtu wa kwanza aliyekubali kuwa mwalimu mkuu aliacha kazi baada ya siku chache. Mwezi Machi 1971 akaja Jack Lengyel, aliyekuwa akifundisha katika chuo kidogo cha Wooster, jimbo la Ohio. Alimkuta Red Dawson, msaidizi wa mwalimu marehemu, ambaye alinusurika kwa kuwa alirudi kutoka East Carolina kwa gari. Dawson alikubali kumsaidia kwa msimu mmoja.

Wachezaji wenye uzoefu walikuwa wachache mno. Kanuni za wakati ule hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa ya chuo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikatoa ruhusa maalumu kwa Marshall, na hivyo vijana waliotoka shuleni miezi michache tu iliyopita wakavaa jezi na kupambana na wanaume. Wengine walitoka katika michezo mingine ya chuo. Lengyel alikwenda pia kwa jirani yake, Bobby Bowden, mwalimu wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kuomba mafunzo ya mbinu iliyofaa timu changa. Bowden hakumficha kitu. Timu hiyo ikapewa jina la Young Thundering Herd, yaani kundi changa la nyati lenye kishindo.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huu: wachezaji ni 11 kila upande, na mpira, ambao una umbo la yai, huchukuliwa kwa mikono. Timu hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10, ikishindwa, hupokonywa. Kuufikisha nyuma ya mstari wa adui huleta alama 6, na kuupiga teke ukapita kati ya milingoti huleta alama 3. Ni mchezo wa nguvu na wa kuelewana, na timu isiyo na nguvu wala mazoea ya pamoja huadhibiwa vikali.

ALASIRI YA XAVIER

Adhabu haikuchelewa. Mchezo wa kwanza, Septemba 18, 1971, Marshall walifungwa na Morehead State 29 kwa 6. Wiki moja baadaye, Septemba 25, walicheza nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ajali, katika uwanja wa Fairfield, dhidi ya Xavier. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Xavier waliongoza 13 kwa 9. Kwa mchezo wa mwisho kabisa, kijana Reggie Oliver alimrushia mpira Terry Gardner, naye akakimbia nao kiasi cha yadi 13 hadi nyuma ya mstari, huku muda ukiwa umekwisha. Marshall 15, Xavier 13. Watu walimiminika uwanjani wakikumbatiana na kulia, na wengi hawakutaka kuondoka.

Baada ya hapo hayakufuata maajabu. Miami ya Ohio iliwachapa 66 kwa 6. Mwezi Oktoba waliwashinda Bowling Green 12 kwa 10, na huo ukawa ushindi wao wa pili na wa mwisho. Lengyel alifundisha misimu minne, akashinda michezo 9 na kushindwa 33. Hadi mwaka 1984 ndipo Marshall walipopata msimu wenye ushindi mwingi kuliko kushindwa. Kisha ukaja ubingwa wa daraja lao mwaka 1992, na tena mwaka 1996, walipocheza michezo 15 bila kushindwa hata mmoja.

Wale waliofungwa mwaka 1971 ndio waliouweka msingi wa ubingwa huo. Kama wangekataa kuingia uwanjani mpaka wawe na hakika ya kushinda, timu ingekwisha pale kilimani.

Wala mji haukununua furaha kwa kusahau. Mwezi Novemba 1972 chuo kilizindua chemchemi ya ukumbusho katikati ya viwanja vyake. Kila mwaka, ifikapo Novemba 14, watu hukusanyika, majina ya marehemu hutajwa, na maji hufungwa. Hubaki yamefungwa majira yote ya baridi, hata masika yanaporudi ndipo hufunguliwa tena. Wafiwa wa kila nchi wataielewa desturi hiyo bila ya kufasiriwa: matanga huanuliwa, na anayekumbukwa huendelea kukumbukwa na wale waliorudi kazini.