Eti umshukuru Mungu kwa viroboto?

Hivi umewahi kupanga mambo yako vizuri, hesabu zote zikakubali, halafu yakaharibika yote siku moja?

Mimi yalinikuta. Wiki tatu baada ya kupeleka mahari, bosi wangu aliniita ofisini akaniagizia chai. Bosi yule hakuwahi kumwagizia mtu chai, kwa hiyo kabla sukari haijafika nilishajua. Nikatoka na bahasha ya kaki na maneno matamu kuhusu kupunguza wafanyakazi. Nyumbani nikamkuta mama anachambua mchele. Akaisoma ile barua, akavua miwani, akasema, "Mshukuru Mungu, mwanangu."

Nishukuru kwa lipi? Siyo siri, siku hiyo nilikosa adabu. Nilimwuliza kama barua aliishika juu chini.

Tatizo ni kwamba makanisani tumezoea shukrani za aina moja. Mtu anasimama kutoa ushuhuda: nilifukuzwa kazi, Bwana asifiwe, sasa nimepata mshahara mara mbili. Vigelegele! Sijaona anayesimama akasema nilifukuzwa, bado sina kazi, na nashukuru. Huyo nadhani angeitwa mbele aombewe.

Ndiyo maana naipenda sana habari ya akina dada wawili wa Uholanzi, Corrie na Betsie ten Boom. Baba yao, mzee Casper, alikuwa fundi saa mjini Haarlem. Corrie naye alikuwa fundi saa, mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo nchini kwao. Walikuwa watu wa kawaida kabisa, mabinti wasioolewa waliokwishapita miaka 50, maisha yao ni duka, kanisa na Biblia ya familia.

Vita Kuu ya Pili ilipofika na Wanazi wakawa wanawasaka Wayahudi, familia hii ikaanza kuwaficha. Chumbani kwa Corrie ukajengwa ukuta wa uongo, nyuma yake upenyo wa kusimama watu. Februari 28, 1944 wakakamatwa. Mzee Casper, mwenye miaka 84, alikufa kifungoni siku kumi baadaye. Watu sita waliokuwa nyuma ya ukuta hawakuonekana.

Miezi ikapita, akina dada wakapelekwa Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake kaskazini mwa Berlin. Bweni walilopangiwa lilikuwa limejaa viroboto. Siyo kunguni wawili watatu wa gesti, bwana. Viroboto!

Corrie alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba Betsie alikumbuka jinsi Paulo alivyowahimiza Wathesalonike kushukuru. Basi wakaanza. Wako pamoja, hawajatenganishwa: asante. Biblia yao ndogo imepita kwenye upekuzi bila kuonekana: asante. Wamebanana kama dagaa, kwa hiyo wengi watasikia ikisomwa: asante. Halafu Betsie akashukuru kwa viroboto. Hapo Corrie akagoma. Akili yake ilimwambia kwamba safari hii dada yake amepotea njia.

Ikawa kila jioni wanasoma Biblia bwenini na hakuna askari anayeingia kuwakataza. Wakawa wanashangaa. Betsie, ambaye alikuwa dhaifu na kubakizwa ndani kufuma soksi, ndiye aliyegundua sababu. Siku moja wafumaji walibishana kuhusu saizi za soksi, wakamwomba msimamizi aje kuamua. Akakataa kuvuka kizingiti. Kisa? Viroboto!

Gazeti lingine lingeishia hapo likasema umeona, kila baya lina zuri lake. Mimi nasema ngoja kwanza. Betsie alikufa humo humo kambini, Desemba 16, 1944, akiwa na miaka 59. Corrie aliachiwa wiki chache tu baadaye, na mwenyewe alisimulia kwamba yalikuwa makosa ya makaratasi. Kwa hiyo shukrani haikumnunulia Betsie uhai. Alimshukuru Mungu bila kupewa risiti.

Na kwenye ubishi wa viroboto, mimi niko upande wa Corrie. Neno la Kiyunani alilotumia Paulo maana yake ni "katika", kwamba tushukuru tukiwa ndani ya kila hali. Hakutuagiza tuite ubaya uzuri. Huyo huyo Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, alisema kuridhika ni jambo alilojifunza. Umeona? Kujifunza! Hakuzaliwa nalo, na bila shaka zipo siku alipata sifuri.

Mama yangu hajui Kiyunani, lakini nadhani alilielewa hilo. Baada ya ile barua alianzisha mtindo: hakuna kunawa mikono ya chakula cha jioni mpaka nitaje vitu vitatu vya kushukuru. Jioni ya kwanza nilikaa kimya mpaka ugali ukapoa. Mwisho nikasema kwa hasira, "Chumvi ipo." Mama akajibu, "Amina, bado viwili."

Ukumbi tulioutaka kwa harusi ulitushinda. Tulifunga ndoa kanisani kama kawaida, kisha tukala pilau uani kwa shangazi, viti vya kuazima, na mvua ikanyesha juu yake. Kazi ya mshahara kama ule sijapata mpaka leo, nisikudanganye. Mke wangu aliisikia habari ya chumvi siku ile ile ya harusi, mama alimsimulia akiwa anacheka. Hadi leo nikianza kulalamika mezani ananisogezea kikopo cha chumvi, hasemi kitu.