Kompyuta Inapotunga Mtihani wa Programu

Katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, Wachagga tangu kale wameteremsha maji ya mlimani kwa mifereji waiitayo mfongo. Maji hukusanywa usiku katika nduwa, yaani bwawa dogo, na asubuhi lango hufunguliwa ili yaende mashambani. Tuseme, kwa mfano tu, lango hilo limekabidhiwa kompyuta. Programu yake yasema hivi: kina cha maji, x, kikizidi mita 2, fungua lango, kisipozidi, lakini jumla ya x na ongezeko la saa moja, y, ikizidi mita 2, piga king'ora, vinginevyo, ngoja. Programu ikikosea, ukingo waweza kubomoka na maji kuwafikia wakaao chini.

Hapa pana njia tatu tu, nazo mwanafunzi aweza kuzijaribu kwa kalamu na karatasi. Lakini programu yenye njia panda 20 zinazofuatana yaweza kuwa na njia 1,048,576. Nani atazipitia?

Mwaka 1976 James C. King wa kampuni ya IBM alieleza utaratibu ambao hata leo ni mmojawapo wa misingi ya kazi hii. Programu haipewi namba, bali herufi, kama tufanyavyo katika aljebra. Kila ifikapo njia panda, kompyuta huandika sharti la kupita upande ule. Kwa njia ya king'ora masharti ni mawili: x isizidi 2, na x + y izidi 2. Kuyatatua masharti hayo ndiko kutunga jaribio: x = 1.5, y = 0.6. Mipaka nayo huchunguzwa, kwa kuwa makosa mengi hujificha hapo: x = 2 kamili, y = 0. Lango halifunguki, wala king'ora hakilii.

Je, hilo ni kosa? Kompyuta haijui. Huenda mhandisi alikusudia "kikifikia" nasi tukaandika "kikizidi".

Jambo hili si la mabwawa tu. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia aina ya Boeing 737 MAX, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka na kuua watu wote 157, wakiwamo Wakenya 32. Programu yake iliamini kipimo cha kifaa kimoja kilichoonyesha kwa uongo kwamba pua imeinuka mno, ikaishusha tena na tena. Ilifanya kama ilivyoagizwa. Majaribio yaliyotungwa kutokana na maagizo hayo hayo, hata yangefika milioni, yasingeuliza iwapo ilifaa kukiamini kifaa kimoja peke yake, na hali ndege ilikuwa navyo viwili.