Masikio hayalali: yanayotokea tukikaa katika kimya kirefu



Kuna Wakristo wenzetu ambao wakiingia katika chumba cha maombi usiku, au wakijitenga siku tatu kwa kufunga, wanasikia kitu. Mmoja anasema ni kama nyenje. Mwingine anasema ni filimbi nyembamba isiyokatika, au sufuria inayochemka mbali. Wakisimulia, huyu anaambiwa ni malaika, yule anaambiwa ni pepo, na mwingine kwamba kuna watu wanamsema vibaya. Wengine wameombewa mara nyingi, na sauti isipoondoka wanaambiwa hawana imani. Maneno hayo yanaumiza, na mara nyingi hayana msingi. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza namna sikio linavyofanya linapokosa sauti ya kusikiliza.

Macho yana kope, masikio hayana. Mama aliyelala usingizi mzito anaamka mtoto akikohoa, kwa maana sikio linaendelea na kazi yake usiku kucha. Sauti ikifika inatikisa ngozi nyembamba iitwayo kiwambo cha sikio. Mtikisiko unapita katika vifupa vitatu vidogo, kisha unaingia katika mfereji wenye maji uliojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, karibu 15,000 katika kila sikio. Kama 3,500 kati yake ndizo hasa zinazopeleka habari kwa ubongo. Zilizobaki kazi yake kubwa ni kuikuza sauti ndogo. Kwa sauti ndogo kabisa tunayoweza kuisikia, kiwambo husogea kwa kipimo kilicho chini ya upana wa atomu moja.

Tena mishipa inayotoka sikioni kwenda kwenye ubongo hainyamazi hata pasipo sauti. Inatuma alama ndogondogo mchana na usiku. Kwa kawaida ubongo hauzijali, kama vile mtu aliyejenga kando ya mto asivyousikia tena mto wake.

Sasa ukiondoa sauti zote za nje, nini kinatokea? Mwaka 1951 mwanamuziki wa Marekani, John Cage, aliingia katika chumba cha chuo kikuu cha Harvard kilichotengenezwa ili kumeza kila mlio. Alitazamia kimya kitupu. Alisikia sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Fundi alimwambia kwamba ile ya chini ni damu yake inayozunguka, na ile ya juu ni mishipa yake ya fahamu. Miaka miwili baadaye, watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliweka watu 80 wenye masikio mazima katika chumba cha kimya, mmoja mmoja, wakawaomba waeleze wanachosikia. Asilimia 94 walisikia kitu: mvumo, mlio, filimbi, wadudu. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wa kawaida, kama walio wengi katika benchi za kanisa letu.

Siku hizi kuna vyumba vya kimya kuliko hicho. Chumba cha kampuni ya Microsoft huko Redmond, Marekani, kilipimwa mwaka 2015 kikafika desibeli 20.6 chini ya sifuri. Msomaji asishangae: sifuri hapa haimaanishi kwamba hakuna sauti, bali ni karibu na sauti ndogo kuliko zote ambayo sikio zima la kijana linaweza kuipata.

Lakini hayo ni ya muda mfupi. Kimya cha siku nyingi kinafanya jambo lingine, na hapa ndipo tunapotaka wapendwa wakae kidogo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, watu 18 walikubali kuziba sikio moja kwa juma zima. Kati yao 14 walianza kusikia milio isiyotoka nje. Walipotoa kizibo, milio ikaisha. Katika uchunguzi mwingine, wa mwaka 2003, watu walioziba masikio kwa majuma mawili waliona baadaye kwamba sauti kubwa zinawachoma kuliko zamani. Wenzao, ambao walisikilizishwa mvumo laini kila siku, wakawa na uvumilivu zaidi kuliko mwanzo.

Fikiri redio. Kituo kikifika kwa udhaifu, unaongeza sauti, unaongeza tena, na mwishowe unasikia *shhh* ya redio yenyewe. Kituo kikirudi ghafula kwa nguvu, nyumba nzima inaruka. Ubongo unafanya vilevile. Habari za sikioni zikipungua, unafungua zaidi ili usipitwe na kitu, na zile alama ndogondogo ambazo haukuzijali zinaanza kusikika kama mlio.

Ubongo haujui kama sauti imepungua kwa sababu ya kizibo au kwa sababu seli za sikio zimekufa. Ndiyo maana wazee wengi, na watu waliowahi kuwa karibu na risasi au bomu, wanasikia mlio mkali zaidi saa za usiku. Katika majimbo yetu hao si wachache. Seli zile za vinyweleo zikifa hazioti tena kwa mwanadamu, hata awe mtoto. Kuna pia dawa zinazoleta mlio. Kwinini inajulikana sana kwa hilo, na kwa kawaida mlio wake hupita matibabu yakiisha. Kwa hiyo mtu akija kwa mchungaji na habari ya sauti, tungependa aulizwe kwanza: sikio linatoa usaha? Umepewa kwinini juzi? Ulikuwa karibu na mlipuko? Na hapa tunasema juu ya mlio na mvumo. Anayesikia maneno yanayomwamuru kufanya jambo ana shida nyingine, naye apelekwe kwa daktari kwa upole.

(Na kwaya zetu? Mtu akitoka ibadani masikio yakilia, vipaza sauti vilizidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba mahali pa muziki sauti isizidi wastani wa desibeli 100. Vipaza sauti vya sherehe zetu vinaweza kupita hapo kwa urahisi.)

Kosa tunaloliona nyumbani mara nyingi ni pamba. Mtu anasikia mlio, anaziba masikio kutwa nzima ili apumzike, na ubongo wake unazidi kuongeza. Kuziba ni vema kando ya mashine ya kusaga au jenereta, lakini ndani ya nyumba tulivu kunadhuru. Usiku afadhali kuwe na sauti ndogo: redio chini kabisa, au dirisha wazi kidogo ili wadudu wa nje wasikike. Mvua juu ya mabati imewasaidia wengi kulala bila wao kujua sababu. Msimwage mafuta sikioni, wala msiingize kijiti.

Katika kituo cha afya mganga anaweza kuandika neno la Kifaransa, akufene, kwenye karatasi yako. Maana yake ni mlio huu tu, si jina la ugonjwa wa kutisha. Lakini mlio unaopiga pamoja na moyo, au ulio katika sikio moja tu, au unaokuja na kizunguzungu, uchunguzwe. Na aliyeamka sikio moja limeziba ghafula, hasikii, asingoje Siku ya Mungu ifike ili aombewe kwanza. Aende hospitali siku ileile, kwa sababu matibabu yake yana nafasi ya siku chache tu, nasi tutamwombea akiwa njiani.