Nyumba Frere Town: Wakili atafutwe kabla ya amana kulipwa

MTU anayetaka kununua nyumba Frere Town huanza kwa dalali. Dalali humpeleka kwa mwenye nyumba, naye humwonyesha vyumba, kisima na lango. Bei hupatanwa, na ni wakati tu amana inapodaiwa ndipo jina la wakili hutajwa. Aghalabu jina hilo hutoka kwa dalali yule yule, au kwa muuzaji, likiambatana na maneno matamu kwamba wakili huyo atawafanyia kazi nyote wawili ili muokoe gharama.

Mpango huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Katika sehemu hii ya Kisauni, wakili ndiye anayestahili kutafutwa kwanza, na sababu yake imo katika historia ya ardhi yenyewe.

Kitongoji hiki kilianzishwa katika miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Kengele ya misheni hiyo ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Wakati huo ukanda wote wa Pwani, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa chini ya Sultan. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ilimtaka kila aliyedai ardhi katika ukanda huo ajitokeze kuandikisha dai lake. Waliofika mbele ya afisa wa uandikishaji wakakubaliwa walipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali, hata kama kulikuwa na watu waliolima na kuzika wafu wao humo kwa vizazi.

Ndiyo maana upande huu wa bara mtu hukutana na ardhi za namna nyingi. Ipo yenye hati ya umiliki wa kudumu iliyotokana na madai hayo ya kale. Ipo iliyokodishwa na Serikali kwa muda maalum, na miaka yake inazidi kupungua. Ipo ya babu aliyefariki zamani, na warithi hawajagawana. Ipo ya wakfu, ambayo haiuzwi kama unavyouza gunia la nazi. Halafu ipo ile ambayo wenyeji huita nyumba bila shamba.

Hii ya mwisho inafaa kufafanuliwa, kwa kuwa mgeni kutoka bara huenda hajawahi kuisikia. Mmoja ndiye mwenye ardhi; mwingine, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, amejenga nyumba juu yake na hulipa kodi ya uwanja kila mwezi au kila mwaka. Nyumba hurithiwa na kuuzwa, lakini kinachouzwa ni kuta na paa. Ardhi hubaki kwa mwenyewe, ambaye pengine haishi Mombasa kabisa, naye asiporidhia uuzaji, mnunuzi anaweza kujikuta akiwa na jengo lisilo na mahali pa kusimama. Mitaa ya Kisauni, Likoni na Changamwe ina nyumba nyingi za aina hii. Si haramu kuinunua, mradi bei ilingane na kinachouzwa na mnunuzi ajue anachonunua. Wakili anayezijua atataka kuona stakabadhi za kodi ya uwanja na kibali cha maandishi cha mwenye ardhi kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Asiyezijua ataandika mkataba mzuri wa lugha ya kisheria kuhusu ploti ambayo muuzaji hana.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi aliyeshika hatimiliki halisi, iliyothibitishwa na msajili wa ardhi, hana la kuhofia. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 21, 2023 umeiondoa imani hiyo, na kesi yenyewe ilitoka Nyali, jirani wa karibu wa Frere Town.

Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya ploti iliyopakana na bahari. Ploti hiyo iligawiwa kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikauzwa kwa kampuni nyingine, kisha ikaifikia Dina. Septemba 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta na kufungua njia ya kufikia ufuo, ikidai kuwa hapo palikuwa mahali pa umma. Kesi ilipita Mahakama ya Mazingira na Ardhi na Mahakama ya Rufaa, na kampuni ikashindwa kote. Majaji wa Mahakama ya Juu walikubaliana nao. Ardhi ya umma ilikuwa imegawiwa bila utaratibu wa kisheria kufuatwa, kwa hiyo mgawiwa wa kwanza hakuwa na kitu cha kumpa wa pili, wala wa pili kumpa wa tatu. Kununua kwa nia njema hakukuiokoa kampuni hiyo.

Septemba mwaka uo huo mahakama hiyo iliamua, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya ugawaji peke yake si hati na haiwezi kumpa mtu umiliki wa kuuza. Hilo liwafikie wale wanaouziwa ploti kwa "barua" iliyotiwa plastiki.

Kutokana na maamuzi hayo, kazi ya wakili wa nyumba si ile ile tena. Zamani ilitosha alipe ada, apate cheti cha uchunguzi kutoka sajili ya ardhi ya Mombasa kinachoonyesha jina la mmiliki na kama kuna mkopo au zuio, kisha aandike mkataba. Leo inambidi arudi nyuma hadi chimbuko: nani aligawiwa kwanza, kwa sheria ipi, ardhi ilikuwa imetengewa nini kabla ya hapo, na ramani ya upimaji inasema nini. Anapaswa kumtuma mpimaji aangalie kama vigingi vya mipaka viko pale vinapoonyeshwa na ramani. Iwapo muuzaji amerithi, atataka kuona hati ya mahakama ya kusimamia mirathi ikiwa imethibitishwa, kwa maana sheria hairuhusu msimamizi kuuza ardhi ya marehemu kabla ya uthibitisho. Iwapo ni makao ya ndoa, lazima mume au mke wa muuzaji aridhie. Iwapo ni fleti, ataulizia hati ya sehemu hiyo chini ya sheria ya mwaka 2020, wala hataridhika na kipande cha karatasi cha kampuni iliyojenga.

Hapa ndipo wakili wa karibu anapomshinda yule wa Nairobi mwenye ofisi ya vioo. Yeye au karani wake huingia katika sajili ya Mombasa mara kwa mara. Anajua kwamba herufi MN katika nambari ya ploti humaanisha Bara Kaskazini. Hata familia ambazo mirathi yao haijaisha amezisikia. Hata hivyo ukaribu una hatari yake: wakili anayemfahamu kila mtu huenda pia anamfahamu muuzaji kupita kiasi. Swali la kwanza la kumuuliza, kabla hata ya ada, ni kama amewahi kumwakilisha muuzaji, dalali au kampuni iliyojenga.

Kuhusu wakili mmoja kutumikia pande mbili, mwandishi huyu hana mashaka. Muuzaji anataka pesa mapema na maswali machache. Mnunuzi anahitaji maswali mengi na pesa baadaye. Siku kasoro itakapoonekana katika hati, wakili huyo mmoja atamficha nani na kumwambia nani? Akiba inayopatikana ni ndogo mno mbele ya thamani ya nyumba.

Neno lenyewe "wakili" huzua mkanganyiko Pwani. Kwa asili yake ya Kiarabu ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake, na wazee wetu humwita wakili hata yule aliyepewa hati ya kumsimamia mwenye mali aliye ng'ambo. Huyo si mwanasheria. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo hati za kuhamisha ardhi, na inataka kila hati iwe na jina na anwani ya aliyeiandaa. Hati isiyo na maelezo hayo inafaa kutiliwa shaka mara moja.

Wakili wa kweli huwa na leseni ya kila mwaka, inayokwisha Desemba. Chama cha Mawakili nchini (LSK) kina orodha ya wanachama katika mtandao wake, na yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Lakini jina pekee halitoshi. Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho lilifichua mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili kwa kutumia rekodi ya wakili halali mwenye jina linalofanana na lake. Nenda ofisini, linganisha sura na cheti, kisha piga simu kwa LSK.

Je, hati iliyoandaliwa na wakili asiye na leseni ni batili? Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 2015, katika kesi kati ya benki ya National na kampuni ya Anaj Warehousing, kwamba hati haibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Hiyo ni afueni kwa mteja, ila haimrudishii pesa zilizotoweka.

Na pesa ndizo hutoweka. Kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 mkataba unapotiwa sahihi, na salio ndani ya siku 90 hivi. Amana hiyo ishikwe na wakili wa muuzaji kama amana, asimkabidhi muuzaji hadi uhamisho ukamilike, na mkataba useme hivyo waziwazi. Pesa ziingie katika akaunti ya wateja ya kampuni ya uwakili, si katika simu ya karani wala akaunti ya wakili binafsi. Salio huandamana na ahadi ya kitaaluma, yaani barua ambayo wakili mmoja humwandikia mwenzake akijifunga kulipa au kutoa hati, na ambayo Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha aitimize.

Ada haipangwi kwa kupatana sokoni. Kuna amri ya malipo ya mawakili, iliyorekebishwa mwaka 2014, inayoweka kiwango cha chini kulingana na bei ya mali, na wakili anayetoza chini yake anavunja sheria. Anayejinadi kwa bei ya kutupa anaonyesha anavyoheshimu sheria nyingine. Mteja adai orodha ya maandishi inayotenganisha ada, ushuru na gharama za sajili. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4, hivyo nyumba ya Sh6 milioni hudai Sh240,000 kutoka kwa mnunuzi.

Muuzaji naye asijione salama. Kuanzia Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Aliyenunua kwa Sh4 milioni akauza kwa Sh7 milioni hukaribia kulipa Sh450,000 kabla ya kupunguziwa gharama zinazokubalika. Lakini mtu anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa. Wakili mzembe humwacha mteja alipe.

Akikosea, mteja anaweza kumshtaki wakili kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kesi nzito hufikishwa mbele ya jopo la nidhamu. Njia hiyo ni ndefu. Anayeifuata atahitaji karatasi: barua ya kumpa wakili kazi, stakabadhi za kila malipo, nakala ya mkataba na cheti cha uchunguzi chenye tarehe. Karatasi hizo ziombwe siku ile ile zinapotolewa, na zihifadhiwe nje ya ofisi ya wakili.