Ngao katika ngozi ya chura

Yuko chura wa Afrika ya kusini aitwaye Xenopus laevis. Munganga Michael Zasloff, huko Marekani, alikuwa akiwapasua vyura hao kwa kutoa mayai, akiwashona, akiwarudisha katika maji yasiyo safi. Vidonda vikapona bila usaha. Sababu gani? Mwaka 1987 alitangaza kwamba ngozi yao inatoa protini ndogo sana. Akaziita magainini, kwa neno la Kiebrania «magen», maana yake ngao.

Magainini ni mnyororo wa pingili 23 za asidi amino. Ina umeme wa kujumlisha (+), utando wa nje wa mikrobe una umeme wa kutoa (−), basi vinavutana. Ikiugusa utando, inajisokota: upande mmoja unapenda maji, wa pili unapenda mafuta. Nao utando ni mafuta. Nyingi zikijichomeka humo pamoja, tundu linafunguka, chumvi na vitu vingine vya ndani vinavuja, mikrobe inakufa.

Mbona chura mwenyewe hafi? Utando wa chembe za wanyama, kwa nje, karibu hauna umeme huo, tena una kolesteroli ya kuuimarisha. Hapa ndipo penye neno kubwa: magainini haimjui adui, inafuata umeme na mafuta tu. Kwa hiyo ikizidi sana, hata chembe zetu zaweza kuumia.

Dawa ya pexiganan ilitengenezwa kwa mfano wake, kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikataa kuiruhusu, kwani haikuonekana kupita dawa zilizokuwako.