Kumsoma Perege Mkiani: Utangulizi

Elimu ya kutambua samaki kwa alama za mwili haidai maabara. Inadai jicho, subira, na samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ningependa uianzie Ziwa Eyasi, chini ya Karatu, ambako mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro huibuka tena kwenye chemchemi za Mang'ola, ikanywesha mashamba ya vitunguu, na masalia yake yakaishia kwenye maji ya magadi.

Humo anaishi perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Alielezwa kisayansi mwaka 1905, katika kazi ya Mjerumani Franz Hilgendorf, kutokana na samaki wa Ziwa Manyara. Makazi yake ya asili ni maziwa machache ya magadi: Manyara, Eyasi, Kitangiri na yale ya Singida. Jina lake ni la Kigiriki, lenye maana ya mweusi pande zote mbili.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kuamini rangi. Dume wa perege hukolea msimu wa kuzaliana, akitishwa hubadilika ghafla, akifa hufifia. Hata lile doa jeusi kwenye pezi la mgongo ni alama ya utoto. Wachanga wa perege wa aina nyingi wanalo. Jiulize kwanza: alama hii hudumu?

Inayodumu itafute mkiani. Mlaze samaki kwenye kiganja kilicholowa, shika ncha mbili za pezi la mkia, ulitandaze taratibu kama upepeo, kisha uliinue kuelekea jua. Sato, perege anayefugwa mabwawani karibu kila mkoa, ana mistari myembamba ya wima iliyopangana vizuri tangu shina la pezi hadi ukingoni.

Nasisitiza mkia kwa sababu sato huzaana na perege wenyeji, na wenyeji hupotea ndani ya chotara. Ziwa Victoria lilikuwa na ngege, perege wake wa asili, tele. Tangu sato na sangara waingizwe katikati ya karne iliyopita, ngege karibu ametoweka katika ziwa kuu. Eyasi ni dogo mno kustahimili kosa kama hilo.

Basi, ndugu msomaji, kama una bwawa Karatu, usimwage vifaranga wa sato mtoni. Na ukikuta Eyasi samaki mwenye mistari hiyo ya sato mkiani, mpige picha mkia ukiwa umetandazwa, andika tarehe na mahali, umjulishe ofisa uvuvi wa wilaya.