Kidole Gumba: Sitiari ya Kiingereza na Ushahidi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Ishiara, mji wa soko katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu, hukua kati ya lugha tatu: Kimbeere cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha darasani. Kusudi la makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa kidole gumba, kwamba kiungo kimoja cha mwili hubeba mizigo tofauti katika lugha tofauti, na kwamba kosa la kuichanganya mizigo hiyo laweza kumgharimu mtu shamba lake.

Kiingereza hukitenga kidole hiki na vingine. Kina jina lake pekee, “thumb”, na wasemaji wengi hawakihesabu miongoni mwa “fingers”. Kiswahili hukihesabu pamoja na wenzake: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Hata hivyo sifa yenyewe, -gumba, hudokeza upweke. Mgumba ni mtu asiye na mtoto, na Kiganda nacho kina mugumba kwa maana iyo hiyo. Neno hili lisichanganywe na Gumba, watu wafupi wanaotajwa katika masimulizi ya kale ya pande za Mlima Kenya. Kufanana kwa sauti peke yake si ithibati ya nasaba.

Kutokana na utengano huo, Kiingereza kimezaa semi nyingi. Asiye na ustadi wa mikono husemwa kuwa vidole vyake vyote ni gumba. Anayetawaliwa na mwenziwe yuko chini ya gumba lake. Kanuni ya kukisia huitwa “rule of thumb”. Usemi huu wa mwisho ulikwisha kutumika katika karne ya 17. Hadithi kwamba ulitokana na sheria ya kumpiga mke kwa fimbo isiyozidi unene wa gumba haina msingi katika sheria za Uingereza.

Semi hizi hazifasiriki neno kwa neno. “Sheria ya kidole gumba” si Kiswahili. Kisemwacho ni kukadiria au kukisia. Anayetawaliwa yumo mkononi mwa mwenziwe. Mkono ndio unaotwaa sitiari hizo. Hata katika vipimo gumba hushiriki bila kutajwa: shibiri huanzia ncha yake hadi ncha ya kidole cha mwisho, na futuri huishia kwenye kidole cha shahada, lakini majina ya vipimo hivyo hayakitaji kidole chochote.

Basi gumba la Kiswahili lina kazi gani iliyo yake? Kazi hiyo ni ushahidi. Katika Kenya ya kikoloni, amri ya kuandikisha Waafrika iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwalazimu wanaume kuchukua kipande chenye alama za vidole. Baadaye ikaja ardhi. Katika miaka ya 1970 Wambeere walikuwa katika mabishano makubwa ya koo kuhusu upimaji na uandikishaji wa mashamba, mambo aliyoyachunguza Jack Glazier katika kitabu chake cha mwaka 1985. Mahali ambapo ardhi imekuwa hati, asiyejua kuandika hutumia dole gumba.

Hapa ndipo lugha inapopungukiwa. Sheria ya Kenya ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huzihesabu sahihi na alama ya gumba kuwa sawa: kila moja ni ushahidi kwamba mtu ameikubali hati. Lakini matumizi ya kila siku hayazilinganishi. Ajuaye kuandika hutia sahihi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa maana yake ya kwanza ni kilicho kweli, kisicho na kosa. Asiyejua huambiwa tu “weka kidole hapa”. Wa kwanza ametajiwa ukweli; wa pili ametajiwa kiungo cha mwili na wino. Mzee aliyeambiwa hivyo aweza kuuza shamba akidhani amehudhuria mkutano.

Kwa hiyo mfasiri wa mahakamani na mwalimu wa lugha wana wajibu mmoja. Semi za Kiingereza zifasiriwe kwa maana, si kwa viungo. Nayo alama ya gumba ipewe kitenzi kinachoitaja kazi yake: kuridhia kwa dole gumba, au kukubali kwa dole gumba. Maneno hayo yote yamo katika Kiswahili tayari; kilichobaki ni kuyatamka kabla kidole hakijagusa wino.